Murphy wawili, kitanda kimoja

SWALI: Shikamoo mzee. Mi nakaa mapokezi kwenye gesti moja hapa Nkuhungu, wiki iliyopita wazungu wawili walibuku kwa simu tarehe moja, mmoja mwanaume mwingine mwanamke, wote jina la mwisho Murphy, nikajua ni mtu na mkewe nikawapa chumba kimoja tena nikatandika shuka jipya. Kumbe hawajuani kabisa! Mmoja katokea Cork mwingine Wexford, huko Ayalandi, na bosi ananisema mpaka leo. Hivi hilo jina ni la ukoo gani, na wako wangapi hao watu?
Wa Mapokezi, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa shuka. Mwambie bosi Murphy ndo jina la ukoo linaloongoza Ayalandi nzima, na halijaanza jana, maana hesabu iliyopigwa kutoka kwenye watoto waliozaliwa mwaka 1890 ilikadiria akina Murphy 62,600, Kelly wakafuata na 55,900. Kwa kisiwa kile ni wengi mno.

Kwa lugha yao wenyewe ni Ó Murchadha. Murchadh lilikuwa jina la mtu tu, kama sisi tunavyosema Mazengo, ndani yake kuna muir yani bahari na cath yani vita, basi ni mpiganaji wa baharini. Ila utamu uko kwenye hiyo Ó, maana yake mjukuu. Sasa toa kitambulisho chako cha NIDA uangalie, jina lako, la baba, la babu, hilo la mwisho ndo Ó yenyewe! Tofauti ni kwamba sisi babu anabadilika kila kizazi, mwanao atabeba jina la baba yako, na mjukuu wako atabeba la kwako, wakati wale tangu karne ya 10 na ya 11 walianza kumgandisha babu mmoja na hajaondoka mpaka leo, mtu kazaliwa juzi bado anaitwa mjukuu wa mzee aliyekufa miaka elfu iliyopita.

Na akina Murchadh walikuwa wengi. Wa Wexford walikuwa na ukoo wao, wa Cork wao, Tyrone kule kaskazini wao tena walitumia Mac yani mtoto wa, sio mjukuu. Ni kama Mazengo wa Mvumi na Mazengo wa Kongwa, jina moja haina maana wamenyonya ziwa moja. Kwa hiyo wageni wako walisema kweli.

Baadaye Waingereza walipotawala, makarani wakaandika walivyosikia, Ó ikadondoka, ikabaki Murphy. Akina O'Brien na wenzao wengi waliirudisha O yao mwishoni mwa karne ya 19, Murphy wengi wakaona hamna haja. Afu ikaja njaa ya viazi kuanzia 1845, viazi vilioza shambani na ndo kilikuwa chakula cha maskini, wakafa kama milioni moja na wengine kama milioni wakapanda meli. Sisi Wagogo tulioachiwa simulizi za Mtunya, ile njaa kubwa ya kwetu Ugogo, hilo halihitaji kuelezwa. Ndo maana Murphy utawakuta Marekani, Uingereza, Australia, kila mahali.

Huko kwao wanatofautishana kwa majina ya utani, na wanaoongea Kiayalandi mtu anaitwa jina lake kisha la baba kisha la babu, yani wamerudi kulekule kwetu. Halafu kuna kitu kingekuokoa. Kwa Kiayalandi jina la mwanamke linajieleza lenyewe, Ní Mhurchú ni binti wa ukoo huo, Uí Mhurchú ni aliyeolewa humo. Ila mgeni wako kabuku kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza baba, binti, mke wote ni Murphy tu, utajuaje. We siku nyingine uliza vyumba vingapi.