Bi mkubwa ana viza ya B2, anaweza kupanda kruzi ya Karibiani na kurudi Texas?

Swali: Salamu kaka. Niko Houston, mimi na mume wangu tuna grini kadi na paspoti za Kenya, watoto wawili wamezaliwa hapa. Mamangu alikuja kututembelea kutoka Mombasa mwezi wa tatu, viza yake ni B2 ya matembezi, pale airport walimpa mpaka tarehe 14 mwezi wa tisa. Tunataka kumpeleka kruzi ya meli ya siku saba kutoka bandari ya Galveston, inapita Jamaica, Grand Cayman na Cozumel. Nimeona bei ya mwisho wa mwezi wa nane imeshuka sana. Je anahitaji viza ya kila kisiwa? Na akiamua asishuke, si basi hahitaji? Alafu kuna mtu kaniambia akitoka hivo na kurudi anapewa miezi sita mipya, ni kweli? Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na hali nyama isiyo halali.

Jibu: Waalaikum salaam dada, na bi mkubwa mpe shikamoo yangu. Naanza na hilo la mwisho, la miezi sita, manake hilo ndo linaloharibia watu safari na wengi wanalisikia kwenye harusi na misiba huku diaspora wanaliamini.

Hapana. Usilipe kruzi kwa hesabu hiyo. Sheria za uhamiaji za Marekani zinaviweka visiwa vya Karibiani kwenye kundi moja la majirani pamoja na Kanada na Mexico, na mgeni akienda huko akarudi ndani ya siku 30, kwa kawaida anarudi kumalizia muda ule ule aliopewa mwanzo. Hizo siku saba za baharini nazo zinahesabika. Ofisa wa mpakani ana uwezo wa kumpa muda mpya akitaka, hilo kweli lipo, lakini pia ana uwezo wa kumuuliza mbona umekaa miezi mitano, unaishi na nani, tiketi ya kurudi Mombasa iko wapi, na yote hayo bi mkubwa wa miaka 71 anaulizwa saa moja asubuhi amebeba mkoba na fimbo. Kwa hiyo chukulia tarehe 14 mwezi wa tisa haibadiliki. Ingia kwenye tovuti ya CBP, hao watu wa forodha na mpakani, utoe I-94 yake, ile rekodi ya kuingia yenye tarehe ya mwisho ya kukaa, uiprinti kabla hamjaondoka, alafu mkirudi itoe tena uangalie imeandika nini, manake watu wanaotoka kwa meli wakati mwingine rekodi yao haikai sawa. Karatasi za safari za kampuni ya meli usizitupe, zinamsaidia siku akiulizwa alikuwa wapi.

Na kama mlishamuombea kuongezewa muda kwa ile fomu ya I-539 na jibu halijatoka, asipande meli kwanza, akitoka nje ya nchi ombi linaweza kuhesabiwa kuwa ameliacha. Na wale wasomaji wengine ambao wazazi wao wameshajaza fomu ya kubadilisha hadhi wapate grini kadi wakiwa hapa hapa, hao wako hatarini zaidi, wakitoka bila kibali cha kusafiri wanalizika ombi wenyewe. Muulizeni wakili kabla ya kulipa, sio baada.

Sasa viza. Fungua paspoti ya bi mkubwa, tazama ile viza ya Marekani palipoandikwa Entries. Ikiwa kuna herufi M, sawa, anaingia mara nyingi. Ikiwa kuna namba 1 mambo yameishia hapo, hiyo moja alishaitumia mwezi wa tatu alipoingia, na meli ikishagusa Jamaica yeye hana tena njia ya kurudi Galveston. Kuna kanuni inayoruhusu watu kurudi na viza iliyokwisha, najua mtu atakutajia, lakini kwa upande wa visiwa kanuni hiyo ni ya wanafunzi wenye viza ya F na watu wa programu za kubadilishana wenye viza ya J, mgeni wa B2 haimhusu. Angalia pia tarehe ya mwisho ya viza yenyewe. Muda aliopewa kukaa ni kitu kimoja na tarehe ya viza ni kitu kingine, na siku mnarudi Galveston viza lazima iwe bado hai. Paspoti nayo iwe na zaidi ya miezi sita mbele.

Hilo la "hatashuka kwa hiyo hahitaji viza" nalo liondoe kichwani. Kampuni ya meli haiangalii kama utashuka, inaangalia meli inapita wapi, na orodha ya majina ya abiria wote inapelekwa kwa serikali ya kila bandari, uwe umeshuka au umelala chumbani. Na wanaokagua paspoti ni wafanyakazi wa kampuni pale terminali ya Galveston, kabla hata hujaiona meli kwa karibu. Kampuni inapigwa faini ikibeba mtu asiye na karatasi, kwa hiyo wao ndo wakali kuliko hata wenye visiwa, wakikukatalia pale hela hairudi. Nimeona familia nzima wakirudi parking na masanduku yao kwa sababu ya paspoti ya mtu mmoja, inauma wallahi.

Kwa njia yenu hiyo: Jamaica Mkenya haitaji viza kwa matembezi, nchi zote mbili ni za Jumuiya ya Madola na huko tumefunguliwa mlango. Cozumel ni Mexico, na Mexico wanamkubali mtu mwenye viza hai ya Marekani bila kuomba ya kwao, na nyinyi wenye grini kadi vile vile. Grand Cayman ni eneo la Uingereza lakini lina sheria zake lenyewe za uhamiaji, kwa hiyo ukisoma sheria za London hazikusaidii. Hapo fanya hivi: piga simu kampuni ya meli, waambie paspoti ni ya Kenya, viza ni B2 ya kuingia mara nyingi, taja tarehe ya safari na jina la meli, na jibu waombe walitume kwa imeili. Maneno ya simu peke yake usiyakubali, manake mtu wa simu siku ya kupanda hutamuona.

Ukija kubadilisha mawazo ukachagua kruzi ya upande wa mashariki au kusini mwa Karibiani ujue mtego wa huko. Puerto Rico na St. Thomas ni Marekani, hapo hakuna shida. Lakini Martinique na Guadeloupe ni sehemu za Ufaransa zisizokuwemo kwenye Schengen, lile eneo la viza moja la Ulaya, mtu ana viza yake ya Schengen anajua yuko salama kumbe ile haifanyi kazi huko peke yake. Curaçao na Aruba nao ni himaya ya Uholanzi na utaratibu wao wa viza ni mwingine kabisa. Kisiwa kwa kisiwa, dada, hakuna viza moja ya Karibiani yote.

Wengine huwa wananiuliza, basi si tutafute kruzi inayozunguka Marekani tu isiguse nje? Kwa hizi meli kubwa za Galveston haipo. Karibu zote zimesajiliwa Bahamas, Panama na kwingineko, na kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayokataza meli ya nje kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani bila kupita nchi nyingine. Ndo maana hata ile ya siku nne kutoka Galveston lazima iende kugusa Mexico.

Nyinyi wazazi chukueni paspoti za Kenya pamoja na grini kadi, moja bila nyingine haitoshi. Watoto kwa sheria wanaweza kwenda na vyeti vya kuzaliwa tu kwa kuwa meli inatoka na kurudi bandari ile ile, lakini watafutie paspoti. Mtoto akiugua Jamaica mkahitaji kurudi kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakipandi ndege ya kimataifa. (Ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioko huku kwa ukimbizi, nyinyi mnahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi na kila bandari iulizwe kama inaitambua, wengine hawaitambui.)

Kadi ya manjano ya homa ya manjano bi mkubwa aibebe. Amekaa Texas miezi kwa hiyo kwa sheria haimbani sana, wanaobanwa ni wale wanaofika moja kwa moja kutoka nchi zenye ugonjwa, ila mkaguzi akiona paspoti ya Kenya anaweza kuuliza na kadi haina uzito mkobani. Kama aliichomwa zamani na imeandikwa miaka kumi, tangu Julai 2016 inahesabika ya maisha, asichomwe tena.

Haya, bei. Imeshuka kwa sababu mbili: shule za Houston zinafunguliwa katikati ya mwezi wa nane, na mwisho wa mwezi wa nane ni karibu na kilele cha vimbunga. Msimu wenyewe ni kuanzia 1 Juni mpaka 30 Novemba lakini mkali ni Agosti mpaka Oktoba. Nyinyi wa Houston kimbunga Beryl mnamkumbuka, Julai 2024, basi angalieni alipita wapi: tarehe 3 yuko kusini tu ya Jamaica, akapita chini ya Cayman, akaingia Yucatán, tarehe 8 yuko Texas anakata umeme. Hiyo ndo njia yenu ya kruzi kabisa. Meli yenyewe haiingii kwenye kimbunga, kapteni anakikwepa mapema, kwa hiyo mie siogopi sana kuzama. Ninachoogopa ni ratiba. Mkataba wa tiketi unaruhusu kampuni kubadilisha bandari au kuiruka kabisa, na wanachorudisha mara nyingi ni kodi ya ile bandari tu. Alafu kuna kurudi: Agosti 2017, kimbunga Harvey alipofunga bandari ya Galveston, meli zilikaa baharini siku za ziada na abiria wake, nyingine zikaenda New Orleans kujaza mafuta na chakula. Sasa pigia hesabu wewe, I-94 inaisha tarehe 14, ndege ya Mombasa labda mmeshakata ya tarehe 10, alafu meli ichelewe siku tatu.

Mimi ningekwenda Juni mwishoni au Julai mwanzoni. Vimbunga vipo ila ni vichache, na bi mkubwa anarudi akiwa na miezi miwili mkononi, hata ofisa wa mpakani hamuulizi mengi. Bei itakuwa juu, ndio. Na kumbuka bei ya tangazo ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili, angalia kama kodi za bandari zimo, na bado tipu ambayo inakatwa kila siku kwa kila kichwa hata mtoto, kwenye kampuni nyingi kama dola 16 mpaka 20 hivi.

Magoti. Hapa Grand Cayman inanipa mawazo kuliko viza. Hawana gati la meli kubwa, na Aprili 2025 walipiga kura wakakataa kujengewa. Meli inatia nanga nje, watu wanashushwa na viboti, na ile hatua ya kutoka kwenye meli kuingia kwenye kiboti kinachopanda na kushuka na mawimbi sio ya mtu wa magoti. Siku hiyo abaki na mmoja wenu melini, bwawa litakuwa tupu na bufee haina foleni, atafurahi. Falmouth ya Jamaica na Cozumel zina gati, anatembea mwenyewe au kwa kiti cha magurudumu, ambacho kiombeni mapema. Chumba chagueni cha katikati ya meli, sakafu za chini, karibu na lifti. Hapo meli inayumba kidogo zaidi, manake mbele na nyuma ndiko kunakopanda na kushuka. Balkoni ni nzuri ila kama hela ni ya kuhesabu, bora chumba cha dirisha mahali pazuri kuliko balkoni ya mwisho kabisa wa korido ndefu. Tangawizi afungashe, na vidonge vya kichefuchefu muulizeni kwanza daktari kama anameza dawa za presha. Dawa zake zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, masanduku mnayokabidhi pale terminali yanaweza kufika chumbani usiku.

Bima. Ile aliyokuja nayo ya wageni wa Marekani isomeni vizuri, nyingi haziendi nje ya Marekani na kliniki ya melini hailipwi na bima yenu ya kazini bila mzozo. Mnunulieni ya safari, yenye kumtoa mgonjwa kwa ndege kutoka kisiwani. Kwa umri wake hiyo sio anasa.

Halali: meli haichinji, inanunua Marekani, kwa hiyo usidhani. Kampuni nyingi zinapokea ombi la chakula maalum likiletwa wiki kadhaa kabla, andikeni mnapobuku, na siku ya kwanza mkamuone mkuu wa wahudumu wa chumba cha kulia awaambie wazi wana nini. Wakikosa, samaki na mboga hazikosekani ila aulize zimekaangwa na nini. Kibla kutoka huko ni upande wa kaskazini mashariki, ila meli inageuka, kwa hiyo apu ya simu isiyotegemea intaneti. Kupunguza swala na kujumuisha, hayo sheikh wake wa Mombasa atamjibu kuliko mimi ejenti wa safari.

Jambo la saa msilidharau. Jamaica na Cozumel hazibadilishi saa majira yoyote, Texas inabadilisha, na meli inaweza kukaa na saa yake bila kufuata ya kisiwa. Fuateni saa ya melini tu, simu zinajibadilisha zenyewe zikishika mtandao wa nchi kavu. Alafu bi mkubwa akisikia "saa kumi na nusu" na watoto wanasema "four thirty" na baba anasema saa nne na nusu, mtaachwa gatini. Andikeni 16:30 kwenye karatasi kila mtu aweke mfukoni.

Nitumie picha ya viza, ile sehemu ya Entries na tarehe tu, namba ya paspoti ifunike. Dipoziti usitoe mpaka imeili ya kampuni kuhusu Cayman ifike.