Kabla hujashika sampuli, ulizia jina lako

Wiki iliyopita msomaji mmoja, kijana aliyemaliza shahada ya sayansi ya maabara, aliniandikia. Amepata nafasi kwenye mradi wa utafiti wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, lakini mkuu wa mradi hajagusia nani ataandikwa kwenye makala, naye anaona haya kuuliza. Mdogo wangu, uliza. Uliza kabla hujavaa glovu.

Makala ya kwanza niliyoifanyia kazi haikuwa na jina langu. Mimi ndiye niliyekuwa napokea damu za watoto kutoka kliniki, nikizigeuza zile chupa za kifuniko cha zambarau taratibu, juu chini, maana ukizitikisa chembe zinapasuka, plazma, yale maji ya damu, inakuwa nyekundu na kipimo kimeharibika. Mimi ndiye niliyepaka slaidi nikainamia hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Makala ilipotoka nikajikuta kwenye shukrani, mstari mmoja na dereva. Dereva ana heshima yake, na barabara zile alizijua yeye. Lakini yale majedwali yalitoka mikononi mwangu, na mpaka leo nikiyaona roho inaniuma.

Selimundu yenyewe ina historia ya namna hiyo. Mwishoni mwa 1904 huko Chicago, Ernest Irons, daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni, alipima damu ya Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada. Aliona chembe nyekundu zilizorefuka isivyo kawaida, akayaandika hayo kwenye kumbukumbu za mgonjwa. Ripoti ilichapishwa 1910, mwandishi mmoja tu: mkubwa wake, James Herrick. Na bado inawezekana kutendeana haki. Mwaka 1949 Linus Pauling, profesa mwenye jina kubwa tayari, alionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, inasafiri kwenye umeme tofauti na ya watu wasio na ugonjwa. Jina la pili kwenye makala ile ni la Harvey Itano, mwanafunzi wake.

Kwa hiyo andika. Daftari la maabara liwe la kalamu ya wino, kila ukurasa na tarehe. Ukikosea, piga mstari mmoja, tia sahihi, usifute. Mkiongea na bosi kuhusu uandishi, jioni hiyohiyo mtumie baruapepe ya heshima: “Kama tulivyokubaliana leo…” Andika, halafu andika tena. Ninyi mnaotaka kuwa watafiti acheni kudhani kimya ni adabu. Mama aliyemleta mwanawe akatobolewa mshipa anataka kazi iliyosimamiwa na watu wanaowajibika kwa kila namba, na atawajibikaje mtu ambaye hajaandikwa popote?

Makala yangu mpya imekubaliwa mwezi huu, jina langu likiwa la kwanza. Mafundi sanifu wawili waliosoma slaidi nao ni waandishi. Hilo nililiweka kwenye itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, kabla ya mgonjwa wa kwanza kusajiliwa.