Re: Tabo mpya inatoa moshi wa bluu, sili zimekufa?
Mkuu usilaumu sili za tabo kwanza (tabo ni turbo, feni ya kusukuma hewa kwenye injini, na sili ni pete zake za kuzuia oili isivuje), umesema paipu ya kurudisha oili umeweka ya milimita 10 na inashuka halafu inapanda tena kabla ya kuingia sampu (bakuli la oili chini ya injini), hapo ndo tatizo lilipo. Oili ikishatoka kwenye tabo hakuna pampu inayoisukuma, inashuka kwa uzito wake tu tena imejaa povu, kwa hiyo inataka paipu nene, mimi siweki chini ya 16, iteremke mwanzo mwisho na iingie sampu juu ya usawa wa oili. Ikikwama inajaa inapenya kwenye sili na kuungua, moshi ndo huo.

Maji ya kupoza tabo ingiza tundu la chini toa la juu, ukizima injini ikiwa ya moto yatapanda yenyewe. Na jaza oili kwenye tabo kabla ya kuwasha!