Barua kwa Mwanangu: Rapa Anapotaka Kuwa Meneja

Mwanangu Rukia,

Marahaba mama. Barua yako imefika. Umeniambia kuna kijana wa Kipuerto Rico huko Bronx, New York, aliyekulia mtaani, akaingia kwenye rap, na sasa anataka kufungua ofisi ya kusimamia wasanii. Amekuomba uingie naye, ushike hesabu. Kila mkikaa anamtaja rapa Fat Joe kuwa ndiye kigezo chake. Unauliza kama mtu wa namna hiyo anaiweza kazi, na wewe uangalie nini kabla ya kukubali.

Kuiweza, anaiweza. Ila hicho kigezo chake akisome chote.

Fat Joe, jina lake Joseph Cartagena, alizaliwa 1970 akakulia Forest Houses, majengo ya umma huko Bronx, katika familia yenye asili ya Puerto Rico na Kuba. Hajawahi kuficha kwamba ujana wake ulikuwa wa uhalifu. Akajiunga na kundi la rap la D.I.T.C., la kina Diamond D na Lord Finesse, na 1993 akatoa albamu yake ya kwanza. Kilichomtofautisha na marapa wenzake ni sikio. Alimsikia kijana mwenzake wa Bronx, Christopher Rios, akampa nafasi kwenye albamu yake ya 1995, akamtafutia njia mpaka lebo, yaani kampuni ya kurekodi, ya Loud Records. Huyo ndiye Big Pun, rapa wa kwanza wa Kilatino anayeimba peke yake ambaye albamu yake, ya 1998, ilifika platinamu, yaani nakala milioni 1 Marekani. Pun alifariki Februari 2000, miaka 28 tu, lakini Terror Squad, kundi lililojengwa na Fat Joe, likaendelea. Mwaka 2004 wimbo aliourekodi na Remy Ma ukakaa nambari 1 ya Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa wiki 3, na DJ Khaled naye alipitia mikononi mwa kundi hilo hilo.

Huko mtaani mtu hujifunza kumtambua mwenye kipaji kabla wenye ofisi hawajamwona, kuweka neno lake, na kukaa na watu wake wakati wa shida. Haya hayafundishwi chuoni, wala usiyadharau kwa huyo kijana. Lakini mtaani hakuna karatasi, na umeneja ni karatasi. Desemba 2012 Fat Joe alikiri mahakamani kwamba hakuwasilisha ritani zake za kodi, yaani fomu za kutangaza mapato, za 2007 na 2008. Mwaka 2013 akafungwa miezi 4 na kutozwa faini ya dola 15,000. Bunduki haikuhusika, wala dawa za kulevya. Mtu aliyevuka salama miaka mibaya ya Bronx alifungwa kwa fomu ambazo hazikujazwa.

Kwa hiyo anza na kodi. Msanii Marekani hakatwi kodi kwenye malipo yake kama mwajiriwa. Promota anampa dola 10,000 zote, naye anadhani ni zake zote. Kila fedha ikiingia, siku hiyo hiyo hamisha asilimia 30 ya kinachobaki baada ya gharama kwenda akaunti ya pili ambayo hakuna mwenye kadi yake. Kodi hulipwa kwa awamu nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Anayesubiri Aprili ya mwaka unaofuata hukuta pesa zimeshakuwa cheni na gari la kukodi, na hapo riba na adhabu zinaanza kuhesabika.

Sasa kamisheni, ambayo ndiyo inayovunja urafiki. Meneja huchukua asilimia 15 hadi 20. Swali ni asilimia 20 ya nini. Chukua shoo ya dola 10,000. Wakala aliyeitafuta anakata asilimia 10, yaani 1,000. Usafiri na hoteli 2,200. Didjei na msaidizi wa jukwaani 1,300. Zinabaki 5,500. Meneja akikata asilimia 20 ya jumla anaondoka na 2,000 na msanii anabaki na 3,500. Akikata ya kilichobaki anapata 1,100, msanii 4,400. Kwenye shoo moja tofauti ni dola 900. Zidisha kwa shoo za mwaka mzima utaona kwa nini wasanii hukimbia mameneja. Mimi ningeandika kwamba kamisheni inakatwa baada ya wakala, usafiri na wanaomsaidia jukwaani. Msanii mchanga hawezi kubeba vinginevyo.

Fedha za kurekodia zisiguswe kabisa. Lebo ikitoa 100,000 na 60,000 kati yake ni za studio na maprodyuza, kamisheni ihesabiwe kwenye 40,000. Hizo 60,000 msanii atazilipa kutoka kwenye mrabaha wake, yaani malipo ya kazi yake ikitumika, kabla hajaona hata senti. Kumkata asilimia juu yake ni kumkata kwenye deni.

Muda wa mkataba usizidi miaka 3, na uwe na sharti: kama mapato hayajafika kiwango mlichokubaliana ifikapo mwezi wa 18, msanii ana ruhusa ya kuondoka. Pia kuna kifungu cha baada ya mkataba kwisha. Meneja ana haki ya kuendelea kula kwenye kazi alizozijenga, lakini kwa kupungua: nusu ya kamisheni mwaka wa kwanza, robo mwaka wa pili, kisha basi. Kifungu hiki kisipokuwepo, ama meneja anatupwa mikono mitupu wimbo ukianza kulipa, ama msanii anamlipa mtu aliyeachana naye zamani.

Kuna mtego unaowanasa zaidi marapa waliogeuka mabosi, kwa sababu wao huwa na vyote: lebo, haki za utunzi, na umeneja. Lebo yake inamsajili kijana, kisha inampeleka kwa lebo kubwa. Mrabaha unapita kwa bosi kwanza, anabakiza sehemu yake, halafu kama meneja anakata tena asilimia 20 ya kilichomfikia kijana. Hapo amekula mara mbili kwenye sahani moja. Mwambie rafiki yako achague: kwenye fedha zinazotoka katika lebo yake mwenyewe, asitoze kamisheni. Iandikwe. Na kila msanii awe na mwanasheria wake, si yule wa ofisi yenu.

Upande wa nyimbo, karatasi muhimu kuliko zote ni ya mgao, ya kuonyesha nani anamiliki kiasi gani cha utunzi, isainiwe studio usiku ule ule biti ilipopatikana. Majina halisi, chama cha mrabaha cha kila mmoja, ASCAP au BMI, na asilimia zinazofika 100 kamili. Ikiachwa mpaka wimbo uvume, kila aliyekuwepo chumbani atakumbuka kwamba aliandika kiitikio. Kisha sajili kila mlango wa fedha kwa jina lake, maana kampuni ya usambazaji inaleta za rekodi tu. Mrabaha wa utunzi kutoka Spotify na wenzake, ule wa kunakili (mechanical), hukusanywa Marekani na shirika la The MLC tangu 2021. Redio za mtandaoni na za setilaiti hulipa kupitia SoundExchange, ambayo hugawa asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu na 5 kwa wanamuziki wasaidizi. Hapa ndipo fedha nyingi za wasanii wachanga hulala bila mwenyewe.

Bronx bado wanapenda kukata vipande vya santuri za zamani, na D.I.T.C. hata jina lao limetokana na kuchakura makreti ya sahani. Tangu hukumu ya 1991 dhidi ya rapa Biz Markie, aliyetumia kipande cha wimbo wa mtu bila ruhusa, hilo halifanywi bila ruhusa. Ruhusa ni mbili: ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Ziombwe kabla wimbo haujatoka. Ukishatoka na kupendwa, mwenye mali ndiye anapanga bei, na anaweza kudai utunzi wote.

Mambo ya mtaani yenyewe usione haya kuyauliza. Nani kati yenu yuko chini ya uangalizi wa mahakama? Mtu huyo huhitaji ruhusa kutoka nje ya jimbo, na mara nyingi hakatazwi safari tu, hukatazwa hata kukaa na wenye rekodi za jinai, jambo linalogusa msafara mzima. Kanada inaweza kumzuia mpakani hata kwa kosa la kuendesha gari amelewa. Kibali cha muda cha kuingia huko kiombwe miezi kadhaa kabla ya tiketi. Na rafiki wa zamani akija na bahasha nene ya kudhamini albamu, mkatae. Biashara ikipokea taslimu zaidi ya dola 10,000 inatakiwa kujaza Fomu 8300, ya kuiarifu serikali, ndani ya siku 15, na kuzigawa fedha hizo kwenye mafungu madogo ili kukwepa ni kosa la jinai lenyewe. Fedha chafu ikishaingia kwenye akaunti unayoishika wewe, saini ni yako.

Shoo zote, nusu iwe arubuni siku ya kusaini, nusu iliyobaki kabla ya msanii kupanda jukwaani. Mkiwa na shoo California, muacheni wakala mwenye leseni aitafute. Sheria ya huko inaweza kubatilisha haki ya meneja aliyetafuta kazi bila leseni, hata akaamriwa kurudisha kamisheni. New York wanaruhusu kidogo zaidi, kama kutafuta kazi ni sehemu ndogo tu ya umeneja.

Kabla hujamjibu, mwombe ritani zake za kodi za miaka 3 na mkataba wowote aliowahi kusaini kama rapa. Akikupa, nitumie na rasimu ya mkataba wa ofisi, nianze na kifungu cha kamisheni.

Mama yako