Akianza sentensi asiimalize

"Kaka, yale magunia ya Umalila, jamaa kasema..." Kimya. Mdogo wangu akaitazama mizani, akacheka peke yake, kisha akaniuliza: "Hivi nilikuwa nasemaje?" Tulikuwa gengeni kwetu Mwanjelwa, Mbeya, mteja kasimama anasubiri bei ya viazi. Nikaona ni dharau. Nikamgombeza mbele za watu, naye ndiyo akazidi kupotea.

Laiti siku ile ningejua msuba, yaani bangi aliyokuwa amevuta, unavyofanya kazi. Kile kinacholewesha kwenye bangi, THC, hunasa kwenye vipokezi vya ubongo, vijisehemu vya seli vinavyopokea ujumbe, na vipokezi hivyo vimejaa kwenye hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya. Na huwezi kuongea bila kumbukumbu. Ukianza na "magunia", uyashike kichwani mpaka ufike "yamepakiwa". Yeye alipojaribu tena, alianza na magunia akaishia "wameoza". Maneno anayo, uzi ndio unakatika.

Pombe ni habari nyingine. Wajomba zangu wa Iringa wakishapiga ulanzi, hadithi wanaifikisha (hata mara tatu, ukiwaachia), ila ulimi unakuwa mzito. Pombe huvuruga serebelamu, ubongo mdogo wa kisogoni unaoratibu misuli, na ulimi nao ni msuli.

Kwa hiyo akirudi na stimu, usimweke kikao. Sisi tulimweka, saa nne usiku, baba mdogo yupo, mama analia. Asubuhi hakumbuki hata nusu ya tuliyosema, tukamwita mwongo. Hakuwa mwongo, maneno yetu hayakupata pa kukaa. Muulize kitu kimoja kifupi, "Umekula?", umpe maji, umfiche funguo za pikipiki. Mengine kesho, akishaamka vizuri.

Kinachotisha ni pale ambapo moshi umeisha na maneno bado hayashikamani. Wetu alikaa siku mbili bila kuvuta, bado anaunganisha maneno kwa mlio tu: "gunia, dunia, nitalia." Halafu akaanza kumjibu mtu ambaye sisi hatumwoni. Hapo ni hospitali, siku hiyohiyo. Sisi tulizunguka kwa waganga wiki tatu kwanza, na nauli ikaisha huko.

Na ukifika, taja bangi. Nesi aliniuliza mara mbili anatumia nini, mama kasimama pembeni. Mara zote mbili nikajibu, "Ni malaria tu, dada."