Mama hana sauti tangu afanyiwe upasuaji

Dada, umesema mama katolewa mawe ya nyongo, wiki ya tatu hii sauti haijarudi, tena akinywa maji anapaliwa. Hapo kwenye kupaliwa ndipo pa kushika. Sauti kukwaruza baada ya nusu kaputi ni kawaida, huisha kwa siku chache. Ikiwa ya pumzi tupu na kupaliwa juu yake, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Mimi nanadi samaki Deep Sea hapa Tanga, sauti ndiyo mtaji. Nilipofanyiwa ngiri niliamka naita nesi, unatoka upepo. Chai ya rangi inanipalia, uji mzito unapita bila taabu. Daktari akanipitishia kamera nyembamba puani, akaniambia niseme "iii". Kwenye skrini uzi wa sauti wa kulia unacheza. Wa kushoto umejikalia kimya kama mpangaji anayedaiwa kodi akisikia hodi.

Ukilazwa nusu kaputi huwekewa mpira wa kupumulia, unaopita katikati ya nyuzi za sauti. Una puto karibu na ncha, linajazwa hewa ili pumzi isivuje na mate yasishuke mapafuni. Likikaa juu sana au likijaa kupita kiasi, huibana neva ya nyuzi za sauti kwenye gegedu la koo. Presha inayotakiwa ni sentimita 20 hadi 30 za maji. Kipimo chake kipo, ila wengi huminya kwa vidole wakakisia. Hata ile maski ya kooni inayowekwa badala ya mpira, aliyoibuni daktari Archie Brain wa Uingereza mwaka 1981, isiyopita katikati ya nyuzi, huweza kufanya hivyo, ingawa ni nadra.

Wanaosema mama kalogwa waache waseme. Na wewe usikimbilie kumlaumu mtu wa usingizi, hutokea hata kazi ikifanywa vizuri. Cha kuharakisha ni kamera, kwa sababu kuna gegedu dogo linaloweza kuteguka mpira unapoingizwa. Dalili ni zilezile, lakini hilo hurudishwa mahali pake, na mapema ni rahisi zaidi.

Kwa sasa anywe vitu vizito kidogo, amekaa wima, kidevu kimeinama. Asinong'one, kunanyonga koo. Homa na kikohozi visipuuzwe. Akivuta pumzi kwa mlio, hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana: huenda nyuzi zote mbili zimelala.

Wengi hupona ndani ya miezi 6. Sauti yangu ilirudi polepole, nikawa nanadi nguru asubuhi, mchana imekatika. Isiporudi, kuna sindano ya kuunenepesha uzi uliolala ukutane na mwenzake. Na akiwa na upasuaji mwingine, amweleze mtu wa usingizi yaliyompata, kabla hajalazwa.