Vyakula vya Pakiti Ambavyo Kumbe Havina Nyama, Maziwa Wala Mayai

Ukiacha nyama, na hasa ukiacha na maziwa na mayai, wanaokupenda huanza kukuonea huruma: sasa dukani utanunua nini? Wanafikiria ile rafu maalumu yenye bidhaa za bei ya juu. Kwa miaka yote niliyoishi hivi, rafu hiyo naipitia mara chache. Sehemu kubwa ya vyakula vyangu vya pakiti haina nembo yoyote ya walaji mboga. Imetokea tu kwamba ndani yake hakuna kitu cha mnyama.

Sababu kubwa ni gharama. Siagi na mayai ni ghali na huharibika mapema, ilhali mafuta ya mawese ni nafuu na hukaa muda mrefu bila kuchacha. Kiwanda kinachotaka biskuti rahisi inayodumu hakina haja ya siagi. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza: tafuteni kwanza bidhaa isiyojisifu. Biskuti inayotangaza siagi halisi mbele ya pakiti kweli inayo. Ile ya kawaida iliyo pembeni yake, mara nyingi ni unga, sukari, mafuta ya mimea na chumvi. Biskuti za karameli za Lotus Biscoff zinajulikana dunia nzima, na hazina maziwa wala mayai. Tambi kavu nazo kwa kawaida ni ngano ngumu na maji. Mayai utayakuta zaidi kwenye tambi mbichi zinazouzwa kwenye friji. Siagi ya karanga, sosi ya nyanya na haradali mara nyingi hazina tatizo, ila haradali itazame isije ikawa imetiwa asali.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni unga wa kastadi. Wengi huamini kastadi ni mayai, na ile ya asili ni mayai kweli. Lakini mwaka 1837, huko Birmingham, Uingereza, mkemia Alfred Bird alitengeneza kastadi ya wanga wa mahindi kwa sababu mkewe, Elizabeth, alikuwa na mzio wa mayai. Unga wa namna hiyo mpaka leo ni wanga, chumvi, rangi na ladha tu. Maziwa unayatia wewe, kwa hiyo tia ya soya au ya shayiri. Nachukua vijiko viwili vikubwa vya unga na kimoja cha sukari, navikoroga na maziwa kidogo ya baridi. Hapo utaona unga uliokuwa mweupe unageuka manjano mara tu unapolowa. Kisha namimina maziwa yaliyobaki yakiwa ya moto, zaidi kidogo ya nusu lita, narudisha jikoni na kukoroga bila kuacha hadi ishike mwiko. Angalia tu usinunue ile inayotaka maji peke yake, maana hiyo huwa imeshawekewa unga wa maziwa.

Krispi za viazi zinahitaji uangalifu, kwa sababu jina la ladha halikuambii lolote. Zipo za ladha ya bekoni zisizo na hata chembe ya nguruwe, ladha yote ikiwa imetokana na chachu na moshi wa kutengenezwa. Halafu unashika za chumvi na siki, ukiamini hizo haziwezi kuwa na maziwa, unakuta laktosi (sukari ya maziwa) au unga wa wei, yaani yale maji yanayobaki jibini inapotengenezwa. Hapo mbele ya pakiti pasikushughulishe. Geuza nyuma.

Nyuma naanza na herufi nzito. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inataka vizio 14, yaani vitu vinavyoleta mzio, vionekane wazi ndani ya orodha ya viambato, na maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii ya chaza wamo. Nikiona maziwa yamekolezwa wino, narudisha pakiti mahali pake, nimeokoa muda. Nisipoona, nasoma orodha nzima, kwa kuwa jelatini (itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama), asali na mafuta ya nguruwe havimo kwenye vizio hivyo.

Yapo majina yanayowatisha watu bure. Siagi ya kakao ni mafuta ya mbegu za kakao, kwa hiyo chokoleti nyeusi nyingi zinalika. Asidi ya laktiki inasikika kama maziwa, lakini ya viwandani kwa kawaida hupatikana kwa kuchachusha sukari ya mimea. Lesithini, inayosaidia mafuta na maji kuchanganyika, mara nyingi ni ya soya au alizeti. Yanayostahili kuogopwa ni mengine, pamoja na baadhi ya namba za E, zile alama za viongezwa vya chakula: E120 ni rangi nyekundu ya wadudu, E904 ni ng'arisho la peremende litokanalo na utomvu wa wadudu, na kasini, protini ya maziwa, imo hata kwenye baadhi ya ule unga mweupe wa kahawa unaouzwa kama mbadala wa maziwa. Sosi ya Worcestershire ya asili ina samaki wadogo wa anchovi, jambo linalowashangaza wengi.

Maneno "huenda ina chembe za maziwa" ni onyo kwa wenye mzio, na kwao ni suala la uhai. Biskuti za Oreo, kwa mfano, hazina maziwa kwenye viambato, ila kampuni yenyewe hutahadharisha kuwa huweza kugusana na maziwa kiwandani. Mimi nisiye na mzio nahesabu kilichotiwa kwa makusudi. Mwenye mzio asinifuate hapo.

Inabaki E471, kiongezwa kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika, ambayo yaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama, na mara nyingi pakiti haisemi. Hapo mwandikie mtengenezaji. Muulize mafuta hayo yametoka wapi, kisha ongeza swali la pili: ni bidhaa zenu zipi nyingine hazina kitu cha mnyama? Kwa swali hilo la pili nimewahi kutumiwa orodha ndefu ya vitu nilivyokuwa nikivipita kila siku.